Hofu Inakaa Kwenye Figo

Tangu aingie Marekani mwaka 2000, hakuna aliyewahi kumwona Bilha Kageha ameketi mpaka akamaliza kikombe cha chai. Alikunywa akiwa amesimama kando ya sinki, mkono mmoja ukifuta meza, na nusu ya chai ile aliimwaga kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, mwenyeji wa Vihiga, mwanamke mrefu mwenye mabega mapana, na kazi yake ilikuwa kutunza wazee. Saa moja asubuhi alikuwa ameshaingia katika nyumba ya wazee pale Gaithersburg, kuwaosha, kuwageuza na kuwalisha. Saa tisa alitoka, akala ndizi huku ameshika usukani, na saa kumi alikuwa kwa mteja wa nyumbani upande wa pili wa mji. Jumamosi na Jumapili alikuwa na kazi nyingine Silver Spring. Binti yake Cheryl, msichana wa miaka kumi na sita aliyekijua Kiswahili vizuri lakini tangu wahamie alijibu kwa Kiingereza tu, alikuwa amezoea kuongea na mgongo wa mama yake.

Kanisani walimsifu kuwa mchapakazi. Bilha aliziacha sifa zile zipite, maana alijua mwenyewe kilichokuwa kikimkimbiza. Akikaa tu, Festus anakuja.

Festus alikuwa kaka yake, mwalimu wa shule ya msingi. Alianza kuvimba miguu, akavimba uso, kisha yeye na Bilha wakahamia kwa binamu yao Kawangware, mtaa wa jijini, ili awe karibu na hospitali ya kumsafisha damu kwa mashine. Bilha ndiye aliyekuwa akimsindikiza. Kwa miezi saba alikaa kwenye benchi la mbao akitazama damu ya ndugu yake ikizunguka ndani ya mipira. Festus alifariki Agosti 1999. Bilha alipofika Marekani na watu wakamuuliza habari za kwao, alisema kaka yake alikufa kwa malaria. Neno figo hakulitamka, hata kwa Cheryl.

Oktoba 2004 ofisi iliyokuwa ikimtafutia wateja ilimpa mzee mpya. Siku hiyo alimwambia Aketch, Mluo aliyekuwa mwenzake wa zamu ya asubuhi, "Nimepewa kumtunza Mzee Luo."

"Kumbe nina mjomba hapa Gaithersburg na sijui," Aketch akasema. "Ni wa Siaya ama wa Homa Bay?"

Alikuwa wa Nanjing. Luo ndilo lilikuwa jina la ukoo wake, na Aketch alicheka wiki nzima. Mzee mwenyewe alikuwa na miaka themanini na moja, mwembamba, mwenye nyusi ndefu nyeupe. Alikuwa amevunjika nyonga kiangazi kile, na aliishi na binti yake Lorraine, aliyefanya kazi katika maabara ya kutengeneza dawa. Huko China alikuwa tabibu wa dawa za jadi kwa zaidi ya miaka arobaini. Sebuleni kulikuwa na kabati lake refu lenye droo ndogo ndogo zaidi ya themanini, kila moja na maandishi yake. Bilha alipozifuta vumbi aligundua kwamba zote ni tupu.

Wiki mbili za kwanza mzee hakusema mengi. Kiingereza chake kilikuwa cha maneno machache, nacho cha Bilha kilikuwa cha Vihiga, kwa hiyo walielewana polepole na kwa mikono. Lakini alimtazama. Alimtazama akipiga deki, akikunja nguo zilizokwisha kunjwa, akifungua friji na kuifunga bila kutoa kitu. Jioni moja, Bilha alipompelekea supu, mzee alimshika kifundo cha mkono.

"Biha," akaita, herufi moja ya jina ikimponyoka. "Keti."

"Supu itapoa, mzee."

"Ipoe."

Akaketi ukingoni mwa kiti. Mzee aliweka vidole vitatu juu ya mshipa wake, akafumba macho, akakaa kimya muda mrefu kiasi kwamba goti la Bilha lilianza kuchezacheza lenyewe. Akauomba mkono wa pili. Akamwambia atoe ulimi. Kisha akaanza kusema, akigusa mwili wake mwenyewe ili aeleweke.

"Mgongo unauma. Hapa chini. Masikio yanalia, wiii, kama mdudu. Usiku unaamka kwenda haja, mara tatu, mara nne. Miguu baridi."

Bilha alishangaa. Hayo yote yalikuwa kweli, na hakuwa amemwambia mtu. "Ni uchovu, mzee."

"Ni figo," mzee akasema.

Bilha aliuvuta mkono wake kana kwamba umegusa sufuria ya moto. Aliosha vyombo, akaviosha tena, na alipokuwa akirudi nyumbani kwa barabara ya 270 alipitiliza njia yake ya kutokea mara mbili.

Kesho yake alimngoja Lorraine mlangoni na kumuuliza, bila kuvua koti. "Baba yako ameniambia figo zangu ni mbaya. Amejuaje kwa vidole?"

Lorraine alitabasamu, akaweka mkoba chini. "Pole, angekueleza vizuri zaidi. Baba akisema figo, hazungumzii zile tu ambazo daktari wa hospitali anaziona kwenye picha. Katika tiba yao figo ni jina la nguvu. Wanasema mtu huzaliwa na uhai wake umehifadhiwa pale, ndio unaoshika mifupa, nywele, masikio na uzazi. Ukifanya kazi bila kupumzika unaimaliza ile nguvu. Anakwambia umechoka sana, basi."

Bilha alivuta pumzi ndefu. Alilishika neno moja tu katika yote aliyoambiwa, kwamba si zile figo. Si za Festus.

Ndipo matibabu yalipoanza. Kila jioni, mzee akishakula, Bilha alijaza beseni maji ya vuguvugu na kuweka miguu yake mwenyewe humo, dakika kumi na tano. Siku ya kwanza aliinuka mara nne, akiacha nyayo za maji hadi jikoni. Siku ya pili mzee alilaza fimbo yake juu ya mapaja ya Bilha na kuishikilia pale. Alimfundisha kusugua kiuno kwa viganja mpaka kipate joto. Alimwagiza apike uji wa mchele wenye maharagwe meusi na ufuta mweusi, na baridi ilipoingia akamwambia alale mapema, kwa kuwa majira ya baridi ndiyo majira ya figo, na hata dubu anajua hivyo.

Bilha alilelewa kwa maharagwe, akaona hili si gumu. Kazi ilikuwa kukaa. Ndani ya zile dakika kumi na tano vidole vyake vilitafuta uzi wa kuchomoa kwenye aproni, macho yake yalihesabu droo za kabati kutoka juu kwenda chini.

"Hasira inakaa kwenye ini," mzee alimwambia jioni moja ya Novemba. "Huzuni, kwenye mapafu. Hofu inakaa kwenye figo. Wewe unaogopa nini?"

"Siogopi kitu, mzee."

"Asiyeogopa anaweza kukaa."

Hata hivyo, kabla ya Krismasi alipata nafuu. Mgongo ulilegea. Alilala saa sita mfululizo, jambo ambalo hakulikumbuka kulifanya tangu Kawangware. Na kwa sababu alipata nafuu, aliamini amepona. Nyumba ya wazee ilipoleta muuguzi wa kupima presha ya wafanyakazi wote, Bilha alijichimbia kwenye chumba cha mashuka na kupanga taulo mpaka muuguzi akaondoka. Aketch alipomuuliza kwa nini hakupima, alijibu, "Mimi nina daktari wangu."

Kitu kimoja hakumwambia daktari wake. Mfukoni mwa aproni alikuwa na chupa ya vidonge vya maumivu, vile vinavyouzwa dukani bila cheti. Alimeza vinne asubuhi kabla ya kuinua wagonjwa, vinne mchana, na siku nyingine vinne tena akiwa Silver Spring. Alikuwa akifanya hivyo kwa miaka minne. Na maji hakunywa, kwa sababu anayekunywa maji lazima asimamishe kazi aende chooni.

Februari 2005, jioni moja theluji ikiwa bado imerundikana kando ya barabara, mzee alikuwa akimtazama miguu ndani ya beseni. Akamwashiria autoe mguu mmoja. Aliukandamiza kwa dole gumba juu kidogo ya kifundo, akahesabu, akaachia. Shimo likabaki. Wote wawili walilitazama. Lilikaa pale kama alama ya kidole kwenye unga wa chapati, likachelewa kujaa.

Mzee alijikongoja kwa fimbo mpaka kwenye sinki. Alidondosha sabuni ya vyombo kwenye bakuli, akafungulia maji kwa nguvu, povu likapanda. Alimwonyesha Bilha lile povu, kisha akamwelekezea kidole, kisha akaelekeza kidole kwenye mlango wa choo. Swali lilieleweka.

Povu lile lile Bilha alikuwa akiliona kwenye mkojo wake kila asubuhi tangu mwaka uliopita, na kila asubuhi alivuta maji haraka lisimtazame.

"Hapana," akasema.

Mzee aliichukua kata ya plastiki, akainama kwa shida, akaanza kuyachota maji ya beseni na kuyamwaga kwenye sinki. "Basi. Yangu imekwisha. Nenda hospitali. Damu. Mkojo."

"Si mlisema ni nguvu tu? Lorraine alisema si zile figo za hospitali."

"Mwezi wa kumi kidole kilisema hivyo. Leo kidole kinasema hivi."

"Nipe dawa basi. Wewe ni daktari. Nitakunywa chochote."

Mzee alitikisa kichwa na kuendelea kuchota maji.

Kesho yake Bilha alifika akakuta mzee amegoma. Alikaa kwenye kiti chake, mikono imefumbatwa, akakataa supu, akakataa chai, akakataa kuoshwa. Bilha alibembeleza, kisha akakasirika, kisha akampigia Lorraine simu kazini. Lorraine alikuja kabla ya saa yake, akaongea na baba yake kwa Kichina, na mazungumzo yale yalikuwa marefu. Mwishowe alivuta kiti, akamwomba Bilha naye akae.

"Anataka nikutafsirie," akasema. "Hili hata mimi sikuwa nimelisikia lote."

Mzee aliongea akitazama kabati. Nanjing alikuwa na mgonjwa mmoja, dereva wa basi, aliyeumwa mkojo na mgongo. Alimpa vidonge vya mitishamba, akamwambia avitumie kila siku, na dereva alimwamini. Ndani ya vidonge vile mlikuwa na mmea ambao wao waliutumia wakidhani ni mwema, na miaka ya baadaye ndipo ilipojulikana kwamba unaharibu figo. Dereva alivitumia kwa miaka mitatu. Alipoanza kuvimba, mzee alishika mkono wake, akasema ni maji yamezidi mwilini, akamwongezea dozi. Mke wa dereva alitaka kumpeleka hospitali. Mzee ndiye aliyewaambia hakuna haja.

"Alikufa?" Bilha aliuliza.

Lorraine hakuhitaji kutafsiri. Mzee aliinamisha kichwa. Halafu akasema kwa Kiingereza chake mwenyewe, "Nilipojua, nilimwaga droo zote. Chakula, maji ya moto, kusugua mgongo, hivyo nitakupa. Uvimbe, sikupi kitu."

Bilha alisikia maneno yakimtoka kabla hajaamua kuyasema. "Kaka yangu alikufa hivyo. Alivimba hivyo hivyo, nikamwona mpaka mwisho." Kisha akasimama, akachukua koti na funguo, akatoka.

Alikusudia kwenda. Alijua palikuwa na kliniki ya kujitolea katika ukumbi wa kanisa moja, ambapo mtu asiye na bima hupimwa. Alifika mpaka kwenye maegesho, akazima gari, akatazama watu wakiingia na kutoka. Alifungua mlango, akaufunga. Kisha akawasha gari na kushika barabara ya 270 kuelekea kaskazini, bila kuwa na safari. Alipita Germantown. Alipita Clarksburg. Magari ya watu wanaotoka kazini yalimzunguka pande zote, na yeye akaona ni afadhali, mradi magurudumu yanazunguka. Simu ilipolia alikuwa amefika Frederick, kwenye maegesho ya duka la samani asilolijua.

"Mum, where are you?" Cheryl aliuliza. Lorraine alikuwa amepiga simu nyumbani.

"Niko Frederick."

"Why?"

"Sijui." Bilha aliegemeza paji la uso kwenye usukani. Akamweleza yote, mambo ya povu, mambo ya miguu, na ya mjomba Festus, kwamba haikuwa malaria.

"Rudi nyumbani, Mum," Cheryl akasema, kwa Kiswahili ambacho hakuwa amekitumia kwa muda, kikimtoka kwa kusitasita. "Kesho siendi shule. Tutaenda pamoja."

Walikwenda. Muuguzi wa zamu alikuwa dada wa Kitanzania aitwaye Vaileth, mtu wa Mbeya, mdogo kuliko Bilha kwa miaka mingi.

"Shikamoo mama," akasema.

Bilha, ambaye kwao salamu ile si ya kila siku, alichelewa kidogo kabla ya kukumbuka jibu. "Marahaba."

"Karibu ukae. Usiongee kwanza, nikupime presha." Vaileth alifunga mkanda, akapima, akatulia, akapima mkono wa pili. Sura yake haikubadilika, lakini sauti ilishuka. "Mama, unaumwa kichwa?"

"Kidogo. Ni ngapi?"

"Mia na tisini na mbili kwa mia na kumi na nane. Leo huendi kazini. Unatumia dawa zozote?"

Bilha alisema hapana. Cheryl aliuchukua mkoba wa mama yake kutoka mapajani mwake, akatoa chupa ya vidonge vya maumivu, akaiweka mezani. Akatoa ya pili. Vaileth aliuliza ni vingapi kwa siku, na safari hii Bilha alisema kweli.

Majibu ya damu na mkojo yalitoka baada ya siku nne. Daktari aliyejitolea pale alieleza kwamba figo zote mbili zilikuwa zinafanya kazi chini ya nusu. Presha ilikuwa imezila taratibu kwa miaka bila kupiga hodi, na vile vidonge alivyokuwa akizimia maumivu vilizidi kuziumiza. Bilha alisikiliza akiwa ameshika kingo za kiti. Neno alilolikimbia kwa miaka sita lilitamkwa mara tisa au kumi ndani ya chumba kile, na chumba hakikuanguka.

"Zitarudi?" alimuuliza Vaileth daktari alipotoka.

"Zilivyokuwa, hapana mama, nisikudanganye. Lakini zilizobaki tunaweza kuzilinda. Watu wanaishi miaka na nusu ya figo, wakimeza dawa na wakiacha yanayoziumiza."

"Kaka yangu aliishi miezi saba."

"Kaka yako alijua akiwa amefikia wapi?"

Festus alijua siku ile uso ulipovimba hata miwani ikamkataa.

Alianza vidonge vya presha wiki ile ile. Chupa za maumivu Cheryl alizitupa mwenyewe. Kazi ya Silver Spring aliiacha mwezi wa tatu, na mwisho wa juma wake wa kwanza bila kazi ulikuwa mbaya kuliko zamu yoyote. Alipanga kabati, akalipangua, akapanga la Cheryl, akatoka nje na kuzunguka jengo lote kwa miguu mara saba. Wasiwasi haukumtoka kwa kuwa amepimwa, ila sasa ulikuwa na jina na tarehe, kwani kila baada ya miezi mitatu alitoa damu, na wiki ya kungoja majibu hakuna aliyeweza kukaa naye chumba kimoja.

Mzee Luo alidai kuona karatasi ya majibu. Lorraine alimsomea tarakimu moja moja. Alitikisa kichwa polepole, akashika mkono wa Bilha na kuweka vidole vyake vitatu, akafumba macho.

"Unasema nini?" Bilha aliuliza.

"Presha imeshuka kidogo. Hofu bado." Akafungua macho. "Leta supu."

Daktari wa kliniki aliruhusu maji ya miguu, yakiwa ya vuguvugu tu. Maharagwe na ufuta alisema wapime damu kwanza, na mitishamba yoyote asiiguse bila kuuliza. Mzee alipoambiwa hivyo alisema daktari yule ana akili, akataka kujua amesomea wapi.

Alifariki masika ya 2006 kwa homa ya mapafu, siku mbili baada ya kulazwa. Bilha alikuwa zamu ya asubuhi Lorraine alipompigia. Alimaliza kumlisha bibi aliyekuwa mbele yake, akampangusa mdomo, akaenda chumba cha mashuka akalia humo, na alipotoka Aketch alimshika mkono akamwambia, "Pole kwa mjomba wetu." Wote wawili wakacheka na kulia pamoja.

Jumapili iliyofuata Bilha alipiga simu Vihiga. Walikuwa wamebaki ndugu wanne, na aliwaomba wakusanyike nyumba moja wamsikie wote. Aliwaambia ugonjwa aliokuwa nao, akawaambia tarakimu zake, akawaambia kwamba huenda kitu kile kile kilichomchukua Festus kinatembea katika damu yao. Kaka mkubwa alisema mambo hayo hayafai kusemwa kwenye simu. Mdogo wake wa mwisho, muuza mboga pale Majengo, ndiye pekee aliyekwenda kupima. Alikutwa na presha ya mia na sabini, ila figo zake zilikuwa bado nzima. Alianza dawa mwezi huo, na kwa muda mrefu kila walipoongea alimlalamikia Bilha kwamba vidonge vile vinamfanya aamke usiku kwenda haja.